Kwa nini rituksimabu hugonga mwamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu limfoma

Ukurasa huu ni wa mgonjwa wa limfoma ya seli B, yaani saratani ya seli za kinga zinazozalisha kingamwili, na wa ndugu anayekaa naye kwenye benchi la kliniki akisubiri majibu. Tunazungumzia zaidi rituksimabu, kwa sababu ndiyo kingamwili ambayo wagonjwa wengi wa limfoma hupewa. Kama unataka jibu moja tu, nenda kwenye swali linalohusu kukatwa kinyama (biopsi) mara ya pili.

Kingamwili monokloni ni dawa ya namna gani?

Kingamwili ni protini ambayo mwili hutengeneza ili kutambua kitu fulani na kukishika. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kuzalisha maabara kingamwili za aina moja tupu, zote zikilenga shabaha ileile. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Rituksimabu, inayouzwa kwa majina kama MabThera na Rituxan, ilitokana na njia hiyo. Iliidhinishwa Marekani Novemba 1997, na ndiyo kingamwili monokloni ya kwanza kuruhusiwa huko kutibu saratani.

Shabaha yake ni protini iitwayo CD20, iliyo kwenye utando wa nje wa seli B. Limfoma nyingi za seli B huwa nayo: ile ya seli kubwa iliyosambaa, ile ya folikula, na hata ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Seli mama za uboho hazina CD20. Ndiyo maana seli B zote zikifyekwa, zile nzuri na zile mbaya, mwili huweza kuzalisha nyingine nzuri baada ya miezi kadhaa.

Sasa shika jambo hili, maana majibu mengi yanayofuata yanatoka hapa. Rituksimabu kwa sehemu kubwa haiui. Inaweka alama. Ni X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara: rangi haibomoi ukuta, tingatinga ndilo linalobomoa. Matingatinga ya mwilini ni matatu. Kuna makrofaji, seli zinazomeza kilichowekewa alama. Kuna seli NK, zinazoingiza sumu ndani ya seli iliyoshikwa. Na kuna komplementi, kundi la protini za damu zinazotoboa utando wa seli. Mbali na hayo, CD20 ikishikwa, wakati mwingine seli ya saratani hupata ishara ya kujiua yenyewe.

Tumeambiwa “dawa imegoma”. Maana yake ni nini hasa?

Madaktari wengi husema limfoma ni sugu kwa rituksimabu pale ambapo mitoki haikupungua hata kidogo, au ilipungua ikarudi wakati mgonjwa bado yuko kwenye dawa, au ikarudi ndani ya miezi 6 baada ya dozi ya mwisho.

Ugonjwa uliorudi baada ya miaka miwili au mitatu ni habari nyingine. Unaitwa kujirudia, na mara nyingi dawa ileile bado ina nguvu. Utafiti mkuu wa wagonjwa 166 uliofanya rituksimabu iruhusiwe ulionyesha kwamba karibu nusu yao, asilimia 48, uvimbe wao ulipungua vya kutosha. Baadaye wagonjwa waliokuwa wamenufaika, kisha ugonjwa ukawarudia, walipewa tena, na asilimia 40 wakaitikia kwa mara ya pili. Kwa hiyo usikubali kuitwa sugu kabla hujaulizwa dozi ya mwisho ilikuwa lini.

Utafiti huo pia unaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakunufaika hata mara ya kwanza. Usugu mwingine huzaliwa wakati wa matibabu, mwingine ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Tatizo hili lilianza na rituksimabu?

Hapana, lilijitokeza kabla yake. Mwaka 1980 huko Boston, Lee Nadler na wenzake walimpa mgonjwa wa limfoma kingamwili monokloni, na ikanaswa na shabaha iliyokuwa ikielea kwenye damu kabla haijafika kwenye uvimbe. Miaka michache baadaye, Ronald Levy na wenzake wa Stanford walitengeneza kingamwili maalumu kwa ajili ya kila mgonjwa, ikilenga kingamwili ambayo seli B ya saratani hubeba kwenye utando wake. Mgonjwa mmoja alipona kwa namna iliyowashangaza madaktari. Kwa wengine limfoma ilirudi ikiwa imebadilisha shabaha, na dawa haikuitambua tena.

CD20 ilipendwa kwa sababu ya kasoro hizo. Haidondoki kwa urahisi ikaingia kwenye damu, na haibadiliki ovyo. Walichagua shabaha nzuri. Hata hivyo, baadhi ya seli zimepata njia za kukwepa.

Je, limfoma inaweza kuitupa CD20?

Inaweza, ila si kwa kila mgonjwa. Japani, katika ripoti ya mwaka 2009, madaktari walifuatilia wagonjwa 124 waliotibiwa kwa rituksimabu. Kwa 36 ugonjwa uliendelea au ulirudi. Kati yao 19 walikatwa kinyama tena, na watano walikutwa CD20 haionekani. Watano kati ya 19 ni karibu robo. Kwa upande wa pili, robo tatu bado walikuwa na CD20 na dawa ilishindwa hivyohivyo. Watu wengi wanaposikia usugu hufikiria shabaha imepotea, kumbe mara nyingi ipo.

Inapopotea, hupotea kwa njia tofauti. Mara chache jeni ya CD20, iitwayo MS4A1, huharibika, na protini haitengenezwi au hutengenezwa ikiwa na umbo ambalo dawa haiwezi kulishika. Mara nyingine jeni ni nzima ila imezimwa. Hali hii ina matumaini zaidi, kwa sababu kilichozimwa kinaweza kuwashwa: maabara, baadhi ya seli zilizopoteza CD20 zilipowekewa dawa zinazofungua jeni zilizofungwa, CD20 ilirudi. Kufanya hivyo ndani ya mgonjwa bado si tiba ya kawaida. Njia ya tatu imeeleweka vizuri miaka ya karibuni: jeni inasomwa, lakini nakala yake hukatwa na kuunganishwa kwa namna inayotoa protini kidogo mno.

Kumbuka kwamba dawa haiingii ndani ya seli ikaifundisha kukwepa. Katika mabilioni ya seli za uvimbe, chache tayari zina CD20 kidogo. Zenye nyingi zikifa, zile chache hubaki na nafasi, nazo huzaliana. Ndiyo maana rituksimabu hutolewa pamoja na kemo katika limfoma nyingi kali: seli iliyoponyoka dawa moja ikutane na nyingine. Watafiti wa Ufaransa na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwafuatilia wazee 399 wenye limfoma ya seli kubwa. Waliopewa kemo iitwayo CHOP peke yake, uvimbe uliisha kabisa kwa asilimia 63. Walioongezewa rituksimabu, asilimia 76.

Kwa nini basi wasitupe dozi kubwa zaidi?

Swali zuri, na jibu lake liliwashtua hata watafiti. Katika Chuo Kikuu cha Virginia, Ronald Taylor na wenzake waliangalia damu ya wagonjwa wa lukemia sugu ya limfosaiti (hapa “sugu” ni ya muda mrefu, si ya kukataa dawa), ugonjwa ulio ndugu wa karibu sana wa limfoma. Dripu ilipoanza, seli za saratani zilipungua kwa kasi. Muda mfupi baadaye seli zilionekana tena kwenye damu, zikiwa hai, na CD20 yao karibu yote imetoweka. Komplementi ya mgonjwa nayo ilikuwa imetumika ikaisha.

Makrofaji zilikuwa zimezidiwa kazi. Badala ya kumeza seli nzima, zilibandua dawa pamoja na CD20 iliyoshikwa, zikaiacha seli iende zake. Watafiti wakajaribu dozi ndogo sana mara tatu kwa wiki, na upotevu wa CD20 ukapungua. Utaratibu huo haukuwa wa kawaida hospitalini, kwa hiyo usimwombe daktari wako apunguze dozi kwa sababu umesoma hapa. Funzo lake ni kwamba kazi ya dawa hii ina kikomo kinachowekwa na nguvu za mwili, na kumwaga dawa zaidi hakuvuki kikomo hicho siku zote.

Upande wa pili, dawa kuwa kidogo mno mwilini nako ni tatizo la kweli. Mgonjwa mwenye uvimbe mwingi huimaliza haraka, kwa kuwa kila seli inashika sehemu yake. Wanaume wazee huiondoa mwilini haraka kuliko wanawake wazee, na Wajerumani waliona jambo hilo ni zito kiasi cha kujaribu kuwaongezea wanaume dozi.

CD20 ipo, dozi ni sawa, na bado dawa haifanyi kazi. Kwa nini?

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo sayansi haijafika mwisho.

Anza na seli zinazoua. Makrofaji na seli NK hushika mkia wa kingamwili kwa kipokezi maalumu, na kipokezi hicho hakifanani kwa watu wote. Mwaka 2002 Guillaume Cartron na wenzake huko Ufaransa walipima wagonjwa 49 wa limfoma ya folikula waliopewa rituksimabu peke yake. Waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili aina inayoshika kwa nguvu, wote waliitikia baada ya miezi miwili. Wengine, asilimia 67. Kwa hao, sehemu ya jibu ilikuwa kwenye mwili wa mgonjwa, si kwenye saratani. Tofauti hiyo hufifia kemo inapoongezwa, ndiyo maana hospitali hazikipimi kipokezi hicho kama kipimo cha kawaida.

Seli ya saratani nayo hujilinda. Hubeba protini CD55 na CD59, ambazo kazi yake ya halali ni kuzuia komplementi isitoboe seli zetu wenyewe. Limfoma ikizibeba kwa wingi, komplementi huishia mlangoni. Tena ipo CD47, inayoiambia makrofaji isiimeze seli hiyo.

Jambo jingine lilionekana Southampton, Uingereza: baadhi ya seli huivuta ndani CD20 pamoja na dawa iliyoishika, zikaiyeyusha humo. Hili hutokea zaidi katika lukemia sugu ya limfosaiti na limfoma ya aina ya mantle kuliko katika ile ya folikula. Alama ilichorwa ikafutwa kabla tingatinga halijafika.

Mwisho kuna seli ambayo imeshikwa, imepewa ishara ya kufa, na haifi. Limfoma nyingi za folikula zina hitilafu ya kromosomu 14 na 18 kubadilishana vipande, na matokeo yake ni protini BCL2 nyingi mno, inayozuia seli kujiua. Watafiti wa Buffalo, New York, walipoweka seli za limfoma kwenye rituksimabu mara kwa mara hadi zikawa sugu, waligundua kwamba protini za kuanzisha kifo, Bax na Bak, zilikuwa zimepungua. Seli hizo zikawa sugu kwa kemo pia. Hili linanisumbua kuliko mengine yote, kwa sababu mlango mmoja ukifungwa na wa pili hujifunga.

Je, mwili unaweza kutengeneza kingamwili za kuipinga dawa yenyewe?

Unaweza, kwa kuwa sehemu ya rituksimabu ilitokana na panya. Kwa wagonjwa wa limfoma ni nadra, maana dawa inafyeka seli B zilezile ambazo zingezalisha kingamwili hizo. Huonekana zaidi kwa wanaoitumia kwa magonjwa kama lupasi.

Kwetu Afrika Mashariki, je, kila kinachoitwa usugu ni usugu?

Hapana, na ningependa kila familia ijue hili kabla ya kuuza kiwanja kutafuta dawa mpya.

La kwanza ni dozi zilizorukwa. Mgonjwa anapata mzunguko wa kwanza na wa pili, wa tatu dawa haipo au fedha imekwisha, wa nne anarudi mitoki ikiwa imekua. Saratani hiyo haikupewa matibabu kamili, na kuihukumu kuwa sugu ni kumwonea mgonjwa. Shirika la Afya Duniani liliweka rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na leo zipo dawa zinazofanana nayo kutoka viwanda vingine, ambazo zimeshusha bei. Malawi wameonyesha njia: huko Lilongwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwapa wagonjwa wa limfoma ya seli kubwa rituksimabu ya namna hiyo pamoja na CHOP, wengi wao wakiishi na VVU, na ikaonekana inawezekana kuitoa kwa usalama. Muulize mfamasia mapema kama dawa ya mizunguko yote itapatikana.

La pili ni aina ya limfoma. Limfoma za seli T, aina nyingine ya seli za kinga, hazina CD20. Ile ya Hodgkin ya kawaida kwa sehemu kubwa haina. Kuna na ile ya plasmablasti, inayowapata zaidi watu wenye VVU, ambayo nayo haina. Kama maabara haikupima CD20 mwanzoni, kingamwili inaweza kuwa imetumwa kwenye anwani isiyokuwepo.

La tatu ni kifua kikuu. Kifua kikuu cha tezi huvimbisha mitoki, huleta homa za usiku, jasho na kukonda. Mgonjwa aliyetoka kwenye kemo kinga yake iko chini, na ugonjwa huo unaweza kuibuka na kufanana kabisa na limfoma iliyorudi.

Kwa nini daktari anataka kukata kinyama tena? Si alishakata?

Mruhusu. Ni ombi la maana kuliko mengi utakayosikia.

Kinyama cha zamani kinaeleza ugonjwa ulivyokuwa zamani. Kipya kitajibu kama huo uvimbe ni limfoma kweli au ni kifua kikuu. Kitaonyesha kama limfoma ya pole ya folikula imegeuka kuwa kali ya seli kubwa, jambo linalotokea na linalobadilisha matibabu yote. Kitaonyesha kama CD20 ipo, na kama CD19 na CD79b, protini nyingine za seli B, zipo, kwa sababu dawa nyingine zinalenga hizo.

Kuna mtego mmoja wa maabara. Baada ya rituksimabu, dawa inaweza kuwa bado imeifunika CD20, na kipimo kinachoangalia nje ya seli kikasema haipo. Maabara nzuri hutumia rangi inayoshika sehemu ya CD20 iliyo ndani ya seli, na huthibitisha kwa alama nyingine za seli B kama CD79a au PAX5, ili isidhaniwe kwamba limfoma si ya seli B. Ukiona majibu yanasema CD20 haipo, uliza kwa heshima: “Daktari, kipimo hiki kilifanywa kwa njia gani, na alama gani nyingine ziliangaliwa?” Na uombe nakala ya majibu uihifadhi nyumbani.

Sindano nyembamba ya kunyonya majimaji ya mtoki mara nyingi haitoshi kwa maswali haya. Kipande kizima cha mtoki ni bora, panapowezekana.

Rituksimabu ikishindwa kweli, kinafuata nini?

Inategemea ilishindwa kwa njia ipi.

Kama CD20 ipo, zipo kingamwili nyingine zinazoishika kwa namna tofauti. Obinutuzumabu ilirekebishwa mkia wake ili makrofaji na seli NK ziukamate kwa nguvu zaidi, na haivutwi ndani ya seli kwa wingi. Katika utafiti wa GADOLIN, kwa wagonjwa wa limfoma za pole zilizokuwa sugu kwa rituksimabu, kuongeza obinutuzumabu kwenye kemo ya bendamustini kulichelewesha ugonjwa kusonga mbele kuliko bendamustini peke yake. Maana yake CD20 ilikuwa bado na thamani. Lakini katika utafiti wa GOYA, wa wagonjwa 1,418 wa limfoma ya seli kubwa ambao hawakuwa wametibiwa, haikuishinda rituksimabu. Dawa bora maabara haiwi bora kwa kila limfoma.

Kama CD20 haipo, shabaha hubadilishwa. Tafasitamabu hulenga CD19. Polatuzumabu hulenga CD79b ikiwa imebeba sumu yake yenyewe, kwa hiyo haitegemei makrofaji. Ipo pia tiba ya seli T za mgonjwa zinazobadilishwa maabara ili ziiwinde CD19, iliyoruhusiwa kwa limfoma Marekani mwaka 2017. Halafu, kwa limfoma ambayo CD20 bado ipo, kuna kingamwili zenye mikono miwili, kama mosunetuzumabu na glofitamabu: mkono mmoja unashika CD20, wa pili unashika seli T na kuivuta karibu. Hizi zimewasaidia watu ambao rituksimabu ilikuwa imewaacha. Nazo zimekutana na usugu, kwa sababu kuna wagonjwa ambao limfoma ilirudi bila CD20, au bila CD19 baada ya tiba ya seli T.

Nyingi kati ya hizi ni ghali mno, na familia kutoka huku husafiri hadi India kuzifuata. Kabla ya safari, hakikisheni njia za kawaida zimeangaliwa: kemo ya aina nyingine, mionzi kwa uvimbe wa sehemu moja, au kemo kali ikifuatiwa na upandikizaji wa seli mama za mgonjwa mwenyewe.

Kuna chakula au dawa ya asili ya kurudisha CD20?

Hakuna iliyothibitishwa. Kula vizuri ili mwili uhimili matibabu, na mtajie daktari kila kitu unachotumia, hata mizizi aliyokuletea shangazi kwa upendo, kwa sababu baadhi huumiza ini.

Kabla ya kuanzishiwa kingamwili ya pili, nipimwe nini?

Homa ya ini B, kama haikupimwa au ilipimwa zamani. Kirusi hiki kipo kwa wingi Afrika Mashariki, na dawa zinazofyeka seli B zinaweza kukiamsha hata kwa mtu aliyewahi kukipata bila kujua, ini likaharibika vibaya. Kinazuilika kwa vidonge vinavyoanzwa mapema. Vidonge hivyo visiachwe siku dripu ya mwisho inapoisha: kirusi kinaweza kuamka miezi mingi baadaye, kwa hiyo daktari ndiye atakayesema lini kuacha.

Pima VVU pia, na mwambie daktari kama uliwahi kuugua kifua kikuu au kuishi na aliyeugua.